Walikuja Kuniaga, Nami Nasoma

Daktari wa hospitali ya misheni alinikataza jembe, ndoo ya maji na mlima. Kitabu hakukitaja, nami sikumkumbusha. Moyo wangu ulikuwa umechoka mapema, miguu ikivimba kila ikifika jioni, na huko Umatengo, ambako kwenda popote ni kupanda au kushuka, mtu aliyekatazwa mlima amekatazwa karibu kila kitu. Nikabaki barazani kulinda kahawa iliyoanikwa kwenye vichanja. Nisiseme uongo, nilifurahi. Nilidhani hatimaye nimepata muda wa kusoma.

Vitabu nilikuwa navyo. Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoingia Mbinga, wanunuzi binafsi wakigombania kahawa hadi milangoni mwetu. Chumba kilichokuwa maktaba ya kijiji tangu enzi za elimu ya watu wazima kilikodishwa kwa mmoja wao aweke magunia yake, na vitabu vikatupwa nje. Wauza karanga walishaanza kuvichana wapate karatasi za kufungia karanga nilipofika na tenga langu, kabla sijaugua. Niligombana nao hadharani bila aibu yoyote. Kitabu kikubwa kuliko vyote, riwaya nene ya karatasi nyembamba, nilikiokoa kikiwa kimeshang'olewa jalada.

Lakini kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Anayepita njiani lazima akate kona aje kukupa pole, na akishakaa hujui ataondoka lini. Mnunuzi wa kahawa anauliza kama mume wangu yupo. Jirani mmoja anakuachia ufunguo wake, mwingine anakufungia mbuzi hapo jirani na mguu wako, "maana wewe umekaa tu." Umekaa tu! Na ng'ambo ya barabara duka jipya la mitumba lilifungulia redio kaseti tangu asubuhi kuita wateja. Nilirudia sentensi moja mpaka nikaichoka, nayo ikanichoka.

Mgumu kuliko wote alikuwa mama mkwe, ambaye alinipenda kweli. "Mwanangu, maandishi yanachemsha kichwa," aliniambia. "Kichwa kikichemka, huo moyo utapona vipi?" Akakificha kile kitabu kinene kwenye debe la maharage. Nikakifukua. Akakipandisha darini, juu ya moshi wa jiko. Nikapanda ngazi, mimi niliyekatazwa mlima, nikakishusha huku nahema.

"Mama," nikamwambia, "jembe nimeacha, dawa nakunywa, na uji wako namaliza wote. Hiki niachie."

Akachukua bakuli, akaenda kuniongezea uji.

Alasiri moja nilifika mahali ambapo mhusika mmoja anamzika dada yake, nikalia. Nililia hasa, midomo ikichezacheza, kwa sababu nina tabia ya kusoma kwa kunong'ona. Yule jirani mwenye mbuzi akaniona kutoka njiani. Sasa, katika kijiji kile cha Kikatoliki, kitabu kinene mikononi mwa mgonjwa kilikuwa cha sala tu, hakuna kingine. Na mgonjwa anayesali peke yake huku analia, huyo ameshajijua kuwa anakufa. Tena mimi ni Mwanglikana kutoka Kihagara, kule ziwani, kwa hiyo wakaona nahitaji kusaidiwa haraka.

Jua halijateremka, baraza lilikuwa limejaa. Wanawake wa jumuiya ya kanisa wamekuja na rozari zao, katekista amevaa koti lake la Jumapili, mama mkwe analia amejifunika kanga usoni. Wimbo ule wanaoimbiwa mahututi ukaanzishwa, ukaimbwa hadi mwisho. Kisha katekista akaniuliza kwa upole kama nina neno la kuwaambia wenzangu.

"Ninalo," nikasema. "Sifi. Nasoma. Hiki si kitabu cha sala, ni hadithi, na nimebakiza kurasa chache."

Wakatazamana. Katekista akanyoosha mkono kukichukua. "Mama, hadithi inaweza kusubiri. Sasa ni saa ya kutulia."

Hapo nikawaka. "Imesubiri tangu nizaliwe! Imesubiri kahawa, imesubiri maji, imesubiri wageni, imesubiri na redio ya yule pale. Kama kweli nakufa, basi nakufa nasoma. Asiyeweza kuvumilia aende zake."

Kumfukuza mtu aliyekuja kukupa pole ni aibu kubwa kule, na nilijua. Moyo ulinipiga hadi masikioni. Nikakifungua kitabu mbele yao.

Hakuna aliyeondoka. Hawakuniamini, maana mtu anayekufa husema mengi. Mama mkwe akamnong'oneza mmoja wao, naye akavuka barabara, na redio ikazimwa. Watoto wakanyamazishwa. Wakaketi wote sakafuni bila neno, kwa kuwa hakuna anayepiga soga mbele ya roho inayotoka. Tangu niolewe katika nyumba ile sikuwahi kupewa ukimya kama ule. Walikuwa wameuleta kwa ajili ya kifo changu. Nikautumia kumalizia kitabu.