Wimbo wa Mzee Ngasa Nilioupiga Harusini

Jamani, hili jambo nimelikwepa mwaka mzima, na leo nalisema kwa kuwa nimechoka kusikia likisimuliwa na watu ambao hata hawakuwepo. Aibu ni yangu, bora niitoe mwenyewe.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Bariadi, na katika umri huu (arobaini na saba, msicheke) nikaingiwa na hamu ya kupiga zeze. Kila nikipata nafasi napanda basi hadi Kimali kwa Mzee Ngasa, vidole vinachubuka, mgongo unauma, na mwisho wa yote nikajua wimbo mmoja tu, wa kwake, lakini huo niliushika wote, hadi kikohozi anachokohoa katikati ya ubeti (nilidhani nacho ni sehemu ya wimbo).

“Ng'wanawane, mwanangu,” akaniambia, “huo ni wangu. Vidole umeshajifunza, sasa katafute maneno yako.”

Nikaahidi. Sikutafuta. Jioni nikifunga kazi niko hoi, maneno yatoke wapi? Basi mdogo wangu Kulwa akaniomba nipige kwenye harusi ya binti yake, huko Nyalikungu kwao bwana harusi, nami nikasema moyoni: nani atajua? Napiga huo huo.

Sasa wimbo wenyewe unamsema mwanamke anaitwa Minza, aliyefungasha nguo asubuhi akamfuata mwenye ng'ombe wengi, akaacha sufuria ya ugali motoni ikaungua. Kina Minza kwetu wamejaa, nikajua ni jina la kunogesha tu.

Nikapiga. Vigelegele vikaanza vizuri, halafu watu wazima wa upande wa bwana harusi wakaacha kula, wakatazamana, na mimi mjinga nikaona wameguswa, nikarudia ubeti, na kukohoa nikakohoa. Kulwa ananipungia mikono yote miwili, nikaelewa ananishangilia!

Mama wa bwana harusi akainuka, akaja polepole, akaweka kiganja juu ya uzi. Zeze likanyamaza.

“Wewe umefundishwa na Ngasa.”

“Ndiyo, mama. Shikamoo.”

“Kikohozi hicho nimelala nacho miaka sita.” Hakuitikia shikamoo yangu. “Kamwambie sufuria niliiepua kabla sijaondoka. Ni yeye aliyeirudisha motoni akalala.”

Bwana harusi kainamisha kichwa, bibi harusi analia na kile kipodozi chote, na Kulwa akanipokonya zeze akasema kwa sauti ya chini, “Kaka, nenda kale.” Nikaenda nyuma ya turubai na sahani ya pilau.

Kesho yake nilimfuata yule mama kumwomba radhi. Alikuwa anaosha masufuria ya shughuli, hata hakunyanyua uso.

“Na wewe sina kesi,” akasema. “Ila usiazime hasira za mtu. Hujui zilikoanzia.”

Tangu hapo wimbo wa Mzee Ngasa siupigi, hata nikiombwa na nani. Nina wa kwangu, mistari minne, unahusu kuchoka, hauchezeki, na binti wa Kulwa bado ananisalimia kwa kupitia kwa baba yake. Mke wangu naye huusikiliza kwanza hadi mwisho, ahakikishe yeye hayumo, ndipo aniruhusu kutoka nao nje.