Glavu za Mkono wa Kulia

Juzi nilikuwa kwenye duka la mitumba pale sokoni Dirah nikinunua viatu, dereva Mkenya wa chuo kimoja cha mtaa wa Malaz alipoingia na mfuko wa glavu za besiboli. Kocha alikuwa amemtuma anunue za mtumba, akazinunua duka hilohilo, na pesa za timu zikaishia hapo. Kesho yake walikuwa wanasafiri kwenda Jeddah kucheza, na glavu zote zilikuwa za kuvaa mkono wa kulia.

"Kumbe mpira wanaurusha kwa kulia, wanadaka kwa mkono wa kushoto wenye glavu," aliniambia. "Mimi sikujua."

"Sasa mbona ulichagua hizi?"

"Kitu si hupokewa kwa mkono wa kulia, ndugu yangu? Mamangu angenichapa."

Mzee mwenye duka alikataa kuzibadilisha. "Mafi. Halas," alisema kwa Kiarabu: hakuna, basi.

Dereva hakubishana. Alisimama tu pale kaunta, mpaka mzee akaguna, akajaza mfuko glavu za kushoto na kumnyooshea kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na kikombe cha chai.

Dereva hakuupokea. Alinyoosha mkono wake wa kulia, akangoja, hadi kikombe kikawekwa chini.

Mimi, niliyekuwa nimepokea chenji yangu kwa kushoto, niliitia mfukoni kimya kimya.