Kanga Aliyovaa Wifi Siku ya Harusi Yangu

Eda yangu ilikwisha siku ya Jumatano, baada ya miezi minne na siku kumi kamili. Alhamisi asubuhi wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, alikuwa tayari sebuleni akimweleza binti yangu jinsi harusi yake itakavyokuwa. Binti alikuwa ameposwa kabla baba yake hajafariki. Kwa kuwa baba hayupo, alisema wifi, shangazi ndiye atakayesimama mahali pake: atawapokea wakwe, na atamtoa bibi harusi chumbani. Hiyo ni desturi, sikuipinga. Kilichonichoma ni maneno aliyoongeza.

"Muulize mama yako. Alipokuja hapa mjini kutoka kijijini Usoke, ananuka tumbaku, nani alimpokea kwa mikono miwili? Si mimi?"

"Ni wewe, wifi," nikasema, nikammiminia chai.

Siku ya harusi yangu sikujua kusoma. Nilianza darasa la watu wazima nikiwa na miaka thelathini na moja, binti yangu akinishinda imla, na nilifanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na arobaini. Kwa hiyo wifi alipokuja kucheza mbele yangu ukumbini, amejifunga kanga mpya, na wanawake wa mjini wakapiga vigelegele na kuangua kicheko, mimi nilitabasamu. Nilidhani wananifurahia. Baadaye, nilipojua kusoma, nilimuuliza wifi kanga ile iliandikwa nini. "Ilikuwa ya dua," alisema. "Nilikuombea heri." Deki yetu ilikuwa imekufa zamani, na diski ya video ya harusi ilikaa tu kabatini, kwa hiyo sikuwa na pa kuhakikisha.

Alhamisi ile ile, wifi alipoondoka, niliitoa. Nikampelekea fundi wa studio moja karibu na stesheni, aihamishie kwenye flashi. Alinirudishia baada ya saa moja.

"Nimeisafisha, mama. Sasa inaingia hata kwenye simu."

Tukaitazama pale pale. Mpiga picha wa harusi alizifuata nyonga za wifi kana kwamba amelipwa kwa ajili hiyo tu, lakini maandishi ya kanga yalikuwa uji mtupu.

"Nataka herufi zisomeke," nikasema.

"Watu hawaombi hivyo. Mama unatafuta nini humo?"

"Ushahidi."

"Kuna kesi?"

"Kuna harusi."

Alicheka. Nikachukua diski yangu, nikaenda kuifanya kazi mwenyewe kwenye kompyuta yangu, kwa programu ya bure ya kuhamishia video, ambayo ilinichukua siku tatu kuielewa. Ina namba ya ubora, na namba hiyo huenda kinyume: kadiri inavyokuwa ndogo, ndivyo picha inavyobaki na mengi na faili linavyokuwa kubwa. Fundi alikuwa ameweka ishirini na nane. Niliweka ishirini na mbili. Herufi zikaanza kuachana, lakini hazikusomeka. Ndipo nikagundua kwamba kichujio cha kulainisha picha, ambacho nami nilikuwa nimekiwasha nikidhani kinasaidia, kilikuwa kinazihesabu herufi za kanga kuwa uchafu. Nikakizima. Kisha, kila wifi alipozungusha nyonga, picha ilichanika mistari kama meno ya kitana, kwa sababu kamera za wakati ule zilirekodi kila picha kwa nusu mbili. Nikawasha chaguo la kuziunganisha. Upana sikuuongeza, maana kuivuta picha hakuleti herufi ambayo haikurekodiwa. Sauti niliiacha ilivyo, ili vicheko visipungue hata kimoja. Nikashusha namba hadi kumi na sita, nikaiagiza programu ifanye kazi kwa mwendo wa polepole kuliko yote, nikaenda kupika.

Jumatatu, saa kumi alasiri, nilisoma kwa kidole juu ya kioo: HATUKUKUCHAGUA SISI.

Nilifurahi. Sitasema vingine. Niliirudisha nyuma mara nne kwa furaha, na mara ya tano nikaona ukingo wa kulia wa picha. Katika nakala ya fundi palikuwa na doa la suti. Katika yangu alikuwa mume wangu, amesimama ubavuni kwa dada yake. Anainamisha macho kwenye kanga, anasoma, kisha anaziba mdomo kwa kiganja na mabega yanatikisika.

Programu ile hukata yenyewe kingo nyeusi za picha. Niliizuia, nikaandika vipimo vya kukata kwa mkono wangu: juu sifuri, chini sifuri, kushoto sifuri, kulia mia moja na arobaini. Nikaanza upya.

Niliionyesha Idi mosi, baada ya chakula, mbele ya wanawake wote wa ukoo wao. Binti yangu ndiye aliyesoma, kwa sauti.

"Shangazi, hii ndiyo kanga ya dua?"

"Dua ya kumfukuza mgeni, labda," akasema binamu yao mmoja, na chumba kizima kikacheka. Safari hii nilijua wanachekea nini.

Wifi hakucheka. "Rudisha nyuma," alisema. "Kaka yangu alisimama hapa, ubavuni kwangu. Mbona hayupo?"

"Kweli, mama," binti yangu akanigeukia. "Baba yuko wapi?"

"Diski ina mikwaruzo," nikajibu.

Wifi alinitazama. Alikuwapo siku ile. Alijua kaka yake alifanya nini, na sasa alijua kwamba nami najua. Nilingoja aseme. Aliuvuta mtandio wake, akauweka sawa begani.

"Ndivyo zilivyo diski za zamani," alisema. "Harusi isimamieni wenyewe. Mimi nitakuja kula pilau."

Binti yangu nilimtoa chumbani mimi mwenyewe, Jumamosi ya tatu baada ya Idi, wifi akiwa ameketi safu ya nyuma kama mgeni mwalikwa. Kanga ile nimeilipiza, na sijuti. Lakini siku ya Idi angeweza kunivunjia heshima ya mume wangu mbele ya mtoto wake kwa sentensi moja, akanyamaza kwa kunihurumia. Hilo bado natafuta namna ya kulilipiza.