Mawe ya Vichwani mwa Samaki

Waliponiomba niyarudishe ziwani mawe ya binti yangu, kwa mkono wangu mwenyewe, nilipaswa kukataa. Sikuwa nimefungwa wala kutishwa kwa panga. Mwenyekiti wa wavuvi alinijia dukani asubuhi, akakaa juu ya gunia la chumvi, akaeleza shida yake taratibu, nami nikamjibu kwamba sawa, nitafanya. Mpaka chai yake ilipoisha, jambo lilikuwa limekwisha.

Mimi ni mtu wa ng'ambo. Nilizaliwa upande wa Kongo, nikasoma sekondari kwa mapadri huko, nikavuka ziwa nikiwa kijana ili kununua samaki na kuuza sabuni, nikaoa hapa Nchelenge, nikabaki. Kibemba changu ni kizuri, ila nikikasirika Kiswahili ndicho kinachotoka, na watu hulisikia hilo. Miaka ile ya mwisho wa karne, vita vilipoanza tena kule Kongo na wakimbizi wakawa wanateremka mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, na magodoro kichwani, kila mtu wa ng'ambo alitazamwa upya, hata aliyekwisha kuzeeka hapa.

Binti yetu alikuwa wa kwanza kutoka mwalo wetu kufika chuo kikuu. Kwetu msomi hupimwa kwa kile anachorudi nacho. Kijana mmoja wa rika lake alipata kazi benki kule Ndola, akawaezekea wazazi wake nyumba kwa mabati. Mwingine alikuwa daktari Mansa, na mama yake hakukosa kututajia hilo kanisani, hata wakati wa sala. Binti yangu alirudi na sanduku la mbao lenye vichupa vitupu, vile vya dawa ya sindano, na kisu chembamba.

Alisema amemaliza shahada ya kwanza na sasa anafanya ya pili, juu ya samaki wa ziwa letu, Mweru. Kazi hiyo ikienda vizuri, kulikuwa na nafasi ya kwenda kusoma zaidi Ulaya, na akirudi angepewa kazi ya kusimamia uvuvi wa ziwa zima. Nilimsikiliza hadi mwisho, nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, lakini sikuamini. Ni msomi gani anarudi kujifunza samaki mahali alipowaparua magamba tangu utotoni? Nikaanza kushuku kwamba walimfukuza huko Lusaka.

Alikuwa na picha yake ya mahafali. Joho lilikuwa refu, limefunika vidole. Nikamwuliza kama ni lake. Akacheka, akasema hapana, ni la kukodi, wote hukodi. Alisema kweli tupu, nami nikaisikia kama mtu anayekiri kosa. Tangu siku ile sikumwuliza tena lolote. Nikawa nauliza pembeni. Nilimwuliza mwalimu mmoja kama kweli chuo kikuu watu husomea vichwa vya samaki. Akasema yeye alisoma historia, hajui. Nikalichukua jibu hilo kuwa uthibitisho kwamba binti ananidanganya.

Kila asubuhi alipanda baiskeli, akafuata pwani ya ziwa hadi Kabuta, akiomba vichwa kwa wanawake wanaokausha samaki. Alipenda hasa vya samaki waitwao makobo. Alirudi navyo nyumbani, akakata fuvu kwa kile kisu, akatoa vijiwe viwili vyeupe, vidogo kama chenga za mchele. Alivisafisha, akavikausha, akavitia kwenye kichupa. Juu ya kichupa akaandika jina la mwalo na jina la mwenye wavu.

Sasa, hapa mwaloni kichwa cha samaki si kitu cha kutupwa hovyo. Samaki wa kwanza wa wavu mpya, kichwa chake hula mwenye wavu mwenyewe, na mifupa yote hurudishwa majini, la sivyo wavu unasahau njia. Wanawake walimpa vichwa kwa sababu alijua kuamkia na walimwona akikua. Waume zao walikuja dukani kwangu kununua sukari, wakachungulia ua, wakaona vichupa vimepangwa juani, na majina yao juu yake.

Mwaka ule samaki walikuwa wachache sana. Wengine walisema ni nyavu za matundu madogo, wengine wakasema ni milio ya bunduki za ng'ambo. Lakini hayo hayashikiki. Kichupa chenye jina lako kinashikika.

Ndiyo maana mwenyekiti alikuja.

"Muzee, mi sikusemi mubaya," aliniambia kwa Kiswahili cha mwaloni. "Lakini mutoto yako anatoaka mawe mu vichwa, anaandika jina ya mwenye wavu, anafunga mu chupa. Mutu akifunga jina yako mu chupa, wewe utasema nini?"

Nikasema ni masomo.

"Masomo ya nini? Wa benki alisoma, anahesabu. Wa Mansa alisoma, anatibia. Huyu anasoma na samaki inaisha." Akanywa chai, akatabasamu. "Ao ni mambo ya kwenu ng'ambo?"

Alilisema kwa upole kama mtu anayeuliza bei. Nilielewa. Na kusema kweli, hakunitia shaka mpya. Aliikuta imekwisha kukaa ndani yangu. Alichotaka ni baba mwenyewe ayarudishe mawe mbele ya watu, ili pasiwe na kelele wala mtoto asiguswe. Nikajiambia kwamba namlinda.

Ilikuwa Jumamosi, binti amekwenda Mofwe kutafuta vichwa zaidi, na angelala kwa mama yake mdogo. Mke wangu alisimama mlangoni. Akaniambia kwa Kibemba nimsubiri mtoto, nimwulize kwanza. Nikamjibu kwamba sanduku lililomo nyumbani mwangu ni langu. Nikalibeba.

Mwaloni walikuwa wengi kuliko nilivyotegemea. Nikawa nasoma jina, mwenye jina anakuja, anapokea kichupa chake, anaingia majini hadi magotini na kumwaga. Mmoja alikipokea kwa jani, asikiguse. Kijana mmoja alikitikisa karibu na sikio.

"Hii njo bahati yangu?" akauliza. "Mbona kidogo hivi?"

Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Vya wasiokuwepo nilivimwaga mwenyewe. Mwenyekiti alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na kwa mara ya kwanza tangu vita vianze nilijiona mtu wa pale.

Binti alirudi Jumapili mchana, vumbi hadi kwenye nyusi. Alifungua sanduku ili aongeze vichupa vipya. Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni, akaniuliza ni nani, nikamwambia ni mimi. Ndipo akanieleza, kwa sauti ya chini, kama anayemfundisha mtoto. Jiwe la kichwani mwa samaki lina pete ndani yake kama mti uliokatwa, na ukizisoma unajua ameishi muda gani. Aliandika jina la mwenye wavu kwa sababu wavu wa kila mtu una matundu ya ukubwa wake, na alitaka kujua ni nyavu zipi zinakamata samaki ambao hawajazaa hata mara moja. Alikuwa amekusanya tangu mwaka uliotangulia. Bila mawe hayo hakuna kazi ya kupeleka Lusaka, na bila kazi hakuna Ulaya.

"Mbona hukutuelezea hivyo?" nikamwuliza.

"Tata, nililala mu chumba ya pili miezi yote hii. Uliniuliza siku gani?"

Nikainama kufunga sanduku.

"Uliuliza mwalimu," akaendelea. "Ulisikiliza mwenyekiti. Hata dereva wa basi ulimuuliza kama walinifukuza. Yeye mwenyewe aliniambia, alikuwa anacheka."

Aliondoka wiki ileile. Samaki hawakuongezeka. Mtu mmoja alivua wengi siku chache baadaye, basi wakasema ni kwa ajili ya mawe, na mimi nikachaguliwa katika kamati ya mwalo. Niliifurahia nafasi ile, lazima niliseme hilo pia.

Nafasi ya Ulaya alipewa mwingine. Binti yangu alifundisha sekondari miaka mingi mbali na ziwa, kisha akaanza upya, kwenye ziwa jingine, kwa watu wengine. Sasa anaitwa daktari, na kuna vijana wanaosoma chini yake. Hayo yote nimeyapata kwa wapita njia. Hakuna hata moja nililosikia kinywani mwake. Alipokuja kumzika mama yake aliniamkia kwa heshima zote, akaniita "ba tata", akalala kwa jirani.

Nilitaka wavuvi waniamini, na waliniamini. Nililipa kwa binti yangu. Yu hai, amefaulu, ana watoto wawili ambao sijawahi kuwaona, na amewaambia kwamba babu yao wa upande huu alikufa zamani.