Valvu Mpya kwenye Moyo wa Nyaboke

Nilitoka nyumbani Nyansiongo kumpeleka dada yangu Nyaboke hospitali, Kisii, apigwe picha ya moyo. Ilikuwa miezi mitatu tangu madaktari wamfungue kifua na kumwekea valvu mpya. Picha hiyo ndiyo ingetuambia kama moyo utarudisha nguvu ama la. Yeye alikuwa na swali moja tu: atachuma chai tena?

Mimi sikuwa na wasiwasi. Shule niliacha darasa la sita, lakini Borabu nzima hakuna pampu ya maji ambayo mkono wangu haujaifungua. Pikapu ni yangu, nyumba ya mawe ni yangu, na nikisema valvu mpya inamaliza shida, watu huniamini. Hata kanisani nilikuwa nimetangaza: Sabato ijayo Nyaboke atapanda kilima kwa miguu yake.

Saa mbili asubuhi nilifika kwake Birongo. Alikuwa ameketi nje, sweta juu ya sweta.

"Bwakire, tata," alinisalimu kwa Kigusii, akiniita baba kama kawaida yake. "Umechelewa."

"Mtu mkubwa hachelewi. Anangojewa."

"Basi mkubwa, nishike mkono. Gari liko mbali."

Zilikuwa hatua kama kumi. Alipumzika mara mbili. Nikaacha utani.

Njiani chai ilikuwa kijani pande zote, wachumaji wameinama. Nyaboke hakuondoa macho kwao. "Yule anaacha majani mazuri," alisema.

Saa nne, Kisii. Daktari, mama mmoja mpole, alimpaka jeli kifuani akatelezesha kile kifaa. Niliomba kuona skrini. Valvu ilifunguka, ikajifunga sawasawa.

"Si nilisema!" nikamwambia Nyaboke.

Halafu nikatazama ukuta wa moyo. Ulikuwa unatikisika tu, haukamui. Mtu wa pampu haelezwi jambo hilo. Valvu nzima, na mashine haisukumi.

Daktari alipima, akapima tena. "Valvu ni nzuri, mama. Lakini chumba cha kushoto kilipanuka sana kabla ya upasuaji, na hakijarudi. Utakunywa dawa, nguvu kidogo itakuja. Kazi ya shamba, hapana." Akanigeukia. "Picha ya kwanza haikuonyesha?"

Ilionyesha. Miaka miwili kabla ya upasuaji tuliambiwa moyo umeanza kupanuka, afanyiwe haraka, kwa maana ukichelewa hata valvu mpya haiwezi kuuokoa wote. Lakini Nyaboke alikuwa bado anabeba kikapu cha chai na kucheka. Mimi, mkubwa wa familia, nikakataa. Nikasema pampu inayotoa maji haifunguliwi. Sheria hiyo ndiyo iliyonitajirisha. Naye alinisikiliza.

Tukirudi hakulia. Karibu na Birongo ndipo alipouliza, "Tata, kanisa utaliambia nini?"

"Kwamba ni mapenzi ya Mungu."

"Mwachie Mungu mambo yake. Hili sema ni lako."

Saa nane tulikuta wanawake wa kanisa uani kwake wakingoja habari njema, wimbo wameshaanza. Nilishuka nikasimama mbele yao. Maneno hayajawahi kunikosa, lakini siku hiyo nilipata mawili tu: "Nilimchelewesha mimi."

Wimbo ukakatika. Walimzunguka Nyaboke wakamwingiza ndani, nikabaki uani peke yangu.

Nilichojifunza ni hiki. Ile picha huonyesha moyo utakakofika, na sisi tunatazama mtu anatembea, anakula, tunasema ngoja. Ukiambiwa leo, mpeleke leo. Nyaboke ana miaka arobaini na moja.