Sketi ya Shanga ya Mama

Hivi wewe, uliwahi kuchomewa urembo wako ukaambiwa ushukuru? Juzi natikisa kibuyu cha maziwa, mjukuu wangu wa kike ananisomea kwenye simu: eti kwenye kisiwa fulani wamechimba pangoni shanga za mfupa za watu wa kale, wataalamu wanashangilia! Harufu ya siagi ikanirudisha utotoni. Mama alikuwa na sketi ya ngozi, akiipaka siagi. Shanga zake alizishona mwenyewe, alipowekwa ndani kama mwali. Katekista wa kanisa letu akaitupa sketi motoni, eti ya shetani, mama ashukuru! Shanga zikapasuka pa, pa! Mimi nawaka mpaka leo! Nikamsimulia mjukuu yote, huku nikitikisa kibuyu kwa hasira.

"Bibi, utamwaga maziwa," mjukuu akacheka. Halafu akanishika mkono. "Nifundishe kushona sketi kama ile. Nitaivaa kanisani, siku ya harusi yangu."