Kibuyu cha Baruti cha Takhat Singh

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, Baba Mdogo Takhat Singh hupaka masharubu yake nta, huyasokota yaelekee juu, kisha huupigia saluti msumari mtupu ulioko ukutani. Anasema msumari huo unangoja kibuyu cha kubebea baruti cha babu yetu, mpiga mzinga wa ngome ya Jodhpur, India. Kibuyu chenyewe hakuna aliyewahi kukiona.

Binamu yake, Guman Singh, husema babu huyo alikuwa akiwapikia dengu wapiga mizinga. Ndiyo maana Dasara ya mwaka huu ilipokaribia, siku ambayo ukoo hukusanyika kuziombea silaha za mababu, Baba Mdogo aliapa kwenda na ushahidi. Asiye na silaha siku hiyo huketi nyuma.

Nilimsindikiza dukani kwa Chhagan Lal, muuza vitu vya kale, ambaye alimwekea vibuyu viwili mezani.

"Hiki ni cha kweli, hukum," alisema, akimwita kwa heshima kama bwana mkubwa, huku akigusa kimoja cha ngozi ya ngamia, cheusi, kimesinyaa kama biringanya iliyosahaulika jikoni. "Hiki kingine tumekitengeneza wenyewe. Sikufichi."

Hicho kingine kilikuwa cha shaba, kimejaa nakshi za tausi, na kilikuwa kimezikwa kwenye samadi ya nyati mpaka kikaota ukungu wa kijani wenye heshima zake.

Baba Mdogo alikisukuma cha ngozi kwa ncha ya kidole. "Hiki hata mchunga mbuzi angekionea haya."

"Mchunga mbuzi hakuwa na bunduki, hukum."

"Nifungie cha tausi."

Siku ya Dasara akaketi mstari wa mbele. Wazee walikipaka kibuyu alama ya rangi nyekundu ya baraka, wakakisifu. Kisha Guman Singh akaja na mfuko wa baruti.

"Kaka, bunduki ya saluti iko tayari. Tuijaze kwa kibuyu cha babu!"

Akakigeuza, akachungulia mdomo wake, akaupuliza.

"Jamani, hakina tundu! Ni shaba tupu humu! Kaka, babu alikuwa akiwaua maadui kwa kuwaonyesha tausi?"

"Mwache," akasema shangazi mmoja huku akijifuta machozi ya kicheko. "Labda dengu ndiyo iliyowaua. Kaka, sogea huku nyuma, karibu na masufuria pana nafasi."

Akasogea.

Tukiwa njiani kurudi nilimuuliza swali moja tu: kwa nini alikiacha kile cha kweli, na alikuwa ameambiwa?

"Kile hakikuwa na sura ya zamani," alisema.